Ukienda Kolo usiende na haraka: niliyojifunza kwenye kilima cha michoro ya kale Kondoa

Mara ya kwanza nimefika Kolo nilikaa kule juu dakika arobaini tu na mpaka leo inaniuma. Tulikuwa tunatoka Dodoma kwenda Arusha na gari ya rafiki, lami ile ya Kondoa mpaka Babati inateleza vizuri, mtu mmoja akasema jamani hapa si ndo pale kwenye michoro ya kale, basi tukakata kona. Saa saba mchana, jua la mwezi wa kumi, hakuna hata wingu. Tukapanda tunahema, tukafika kwenye mwamba, kijana anayetuongoza ananyoosha kijiti kwa mbali bila kugusa, anasema pale kuna mtu, pale kuna twiga, mimi naona madoa mekundu basi. Nikaitikia ee nimeona. Sikuwa nimeona kitu. Tukapiga picha, tukashuka, tukaendelea na safari.

Nimerudi mara mbili tangu siku hiyo, mara ya mwisho na binti yangu wa miaka kumi na tatu, tukalala Kondoa mjini usiku mbili, na sasa kila mtu akiniuliza wapi aende wikiendi ndefu na watoto namwambia Kolo. Ila namwambia pia aende vipi, maana pale ukienda vibaya unarudi mikono mitupu kama mimi mara ya kwanza.

Kolo ni kijiji kiko barabarani kabisa, kama kilomita 20 hivi kaskazini ya Kondoa mjini. Michoro yenyewe haiko sehemu moja, watu wengi wanakosea hapo. Eneo zima ni kilomita za mraba 2,336, na miamba yenye michoro inapita 150, imetawanyika kwenye vilima vya ukingo wa Bonde la Ufa, ndo maana mwaka 2006 UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kilima ambacho wageni wengi wanapanda kinaitwa Mongomi wa Kolo, kule juu kuna vibaraza vitatu vya mwamba ambavyo watafiti wameviita B1, B2 na B3. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, yule yule wa Olduvai, alikaa huku na mumewe Louis mwaka 1951 wananakili michoro kwa mkono, mwamba baada ya mwamba. Mtu alikaa miezi, mimi dakika arobaini.

Kitu cha kwanza, usiende moja kwa moja kilimani. Anzia ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, lipia, pewa risiti na mtu wa kukuongoza. Malipo ya serikali siku hizi ni kontroo namba kwa hiyo simu iwe na chaji na salio, usitegemee noti tu. Na huyo mtu wa kukuongoza usimuone kama mzigo, njia zinachepuka porini na bila yeye unaweza kupita mita ishirini kutoka kwenye mwamba usijue. Mwambie mapema kabisa kwamba hamna haraka. Mimi safari ya pili nilimwambia "kijana wangu, leo tuna siku nzima", nikaona sura yake inabadilika, akaweka begi vizuri akasema basi mama twende nikuonyeshe kwa utaratibu.

Kutoka barabarani mpaka chini ya kilima ni kilomita kadhaa za vumbi na kuna korongo la mchanga la kuvuka, gari ndogo inaweza kukwama, chukua gari ya juu au bodaboda wawili wanaoijua njia. Kondoa mvua ni msimu mmoja, inaanza kama Desemba mpaka Aprili, na korongo likishuka maji hakuna ujanja, unasubiri au unarudi. Nenda kuanzia mwezi wa sita. Vaa raba zenye meno, ndala achia nyumbani, sehemu ya mwisho inapandwa kwa miguu na ina mwinuko wa kweli. Maji lita mbili kila mtu. Na kina dada, Kondoa wenyeji wengi ni Waislamu, Warangi, ni watu wakarimu sana, beba kitenge au mtandio, ukikutana na wazee njiani utajisikia vizuri zaidi na wao pia.

Sasa kuhusu kuona. Hili ndo nataka mlisome vizuri.

Michoro ile haikurukii machoni. Imechorwa na ngeu, udongo ule mwekundu, kwenye jiwe ambalo lenyewe lina wekundu na kahawia, na mingine imefifia sana. Ukitoka juani ukasimama mbele ya mwamba macho bado yamejaa mwanga, huoni. Kwa hiyo tulia. Kaa chini kwenye kivuli, mbali kidogo na ukuta, funga macho dakika mbili tatu, kunywa maji, halafu ndo uangalie. Anza na mchoro mmoja tu ambao mwongozaji anakuonyesha, ukodolee huo huo, usihame. Ukishaupata huo, mstari wa mguu, mstari wa mkono, ghafla wa pembeni yake nao unatokea, halafu mwingine, na baada ya robo saa ukuta mzima umejaa watu na wanyama na unajiuliza vilikuwa wapi. Nilipata mshtuko wa furaha, sijui niueleze vipi. Asubuhi kabla ya saa nne au jioni kuanzia saa kumi ndo muda mzuri, mchana mwanga mkali unaua kila kitu.

Watu wa kwenye ile michoro myekundu ni warefu isivyo kawaida, miili imevutwa kama mwanzi, wengine vichwa vina mviringo mkubwa kama nywele zilizotengenezwa au kofia. Mistari ni myembamba mpaka unashangaa brashi ilikuwa ya nini. Pale B1 kuna mchoro maarufu, watu kwenye mstari na katikati yupo mmoja anayeonekana kama mwanamke, wenzake wamemshika mikono huku na huku. Leakey alidhani ni mwanamke anatekwa. Wengine wanasema hapana, hiyo ni ngoma, mtu amepagawa na ngoma na wenzake wanamshikilia asianguke, na wanataja simbo, ngoma ya Wasandawe. Wasandawe hawako mbali, wako upande wa Kwa Mtoro na Farkwa, lugha yao ina sauti za kugonga ulimi kwenye kaakaa, na watafiti wengi wanaunganisha michoro myekundu na mababu zao pamoja na wa Wahadzabe. Mimi nikiangalia naona ngoma. Binti yangu kaona ugomvi. Tumebishana njia nzima ya kurudi na nilifurahi kubishana naye kuhusu kitu kama hicho.

Yeye ndo aligundua pia kwamba michoro imepandana. Akasema mama angalia, huu mweupe umekaa juu ya mwekundu. Ni kweli, ile meupe, minene, mingine imechorwa kama kwa kidole, ni ya baadaye, inahusishwa na watu wa kilimo na mifugo waliokuja wakakuta wawindaji. Yaani miamba ya huku imetumika kwa miaka isiyopungua elfu mbili, watu wanabadilika, maisha yanabadilika, wanarudi pale pale. Ukiliona hilo kwa macho yako kwenye jiwe moja huhitaji mtu akufundishe kwa nini palindwe.

Na kulinda kwenyewe kunaanza na wewe mgeni. Usiguse, hata kwa ncha ya kidole, mafuta ya mkono yanabaki. Usimwagie maji ili rangi ikolee kwenye picha, nimewahi kusikia mtu anashauri hivyo na nikasikitika sana, maji yanabeba chumvi za kwenye jiwe na rangi inaondoka nayo. Flashi zima. Watoto waandalie daftari na penseli wachore, ukimpa mtoto kazi ya kuchora mikono yake inatulia na macho yanafanya kazi, binti yangu alijaza kurasa sita.

Kuna kitu kingine inabidi ukijue kabla hujapanda. Mongomi sio makumbusho tu, kwa wenyeji ni mahali pa tambiko, la mvua, la uponyaji, mpaka leo. Unaweza kukuta majivu, kibuyu, dalili kwamba mbuzi au kondoo amechinjwa, pombe ya mtama imenyunyizwa. Wahifadhi wana wasiwasi nalo kwa sababu pombe na mafuta yakifika kwenye michoro yanaiharibu, na wazee wana hoja yao kwamba mahali pale ni pao kabla ya ofisi yoyote. Mimi nadhani wote wana haki na inabidi wakae mezani kila mara, maana bila wazee kilima hiki kingekuwa kimeshachimbwa chote. Wewe mgeni kazi yako ni ndogo: ukikuta watu wako kwenye shughuli yao, rudi nyuma, subiri, usitoe simu. Ukikuta mabaki, usiyaguse wala kuyapiga picha ya kuchekesha watu mtandaoni.

Nimesema kuchimbwa kwa sababu utaona mashimo. Mara ya kwanza nilidhani ni ya watafiti. Kumbe kuna watu wanachimba chini ya miamba wakitafuta mali ya Mjerumani. Vita ya kwanza ilipita Kondoa kweli, mwaka 1916 jeshi la Waafrika Kusini, upande wa Waingereza, chini ya van Deventer waliuchukua mji mwezi wa nne na mwezi wa tano Wajerumani wa Lettow-Vorbeck wakawashambulia wakashindwa kuurudisha, na tangu hapo hadithi za dhahabu iliyofukiwa haziishi. Kinachoharibika ni udongo wenye vipande vya vyungu na mawe yaliyochongwa na watu wa kale, vitu ambavyo vikishachanganywa na sululu havisomeki tena. Mtu akikunong'oneza kwamba anaweza kukupeleka kwenye "alama" za Mjerumani, muage kwa heshima ondoka.

Wengi wakimaliza michoro wanakimbilia gari, hapo ndo wanakosa nusu ya safari. Omba kushuka kwa miguu kupitia msituni. Sisi tulitembea kama masaa mawili na nusu taratibu, miyombo imefungana juu, chini majani makavu yanalia kila ukikanyaga, pimbi wanachungulia kwenye mawe, na kila ukitokea kwenye uwazi unaona bonde lote chini mpaka macho yanaishia kwenye ukungu wa joto. Njiani tukamkuta mzee ana fimbo na kibuyu cha asali, binti yangu akamwamkia "shikamoo babu", akajibu marahaba mjukuu wangu, mmetoka kwa Mongomi, nikasema ndiyo mzee. Akakaa kwenye jiwe akatuambia huu msitu mnaouona haukuwa hivi. Akasema alipokuwa kijana ilikuwa ardhi nyekundu tupu, makorongo yanameza mashamba, ng'ombe na mbuzi wamekula mpaka mizizi.

Sikumuelewa mpaka niliporudi nikasoma. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 wakaamua jambo zito, mifugo yote itoke kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Familia zilitenganishwa na ng'ombe wao, na kwa mtu wa huku ng'ombe ni benki na mahari na heshima. Mzee alisema baba yake alilia. Halafu akanyoosha fimbo juu kwenye matawi akasema na sasa kuna asali. Alisema hayo mawili kwa sauti ile ile, hakuongeza neno. Ndo maana nasema ukitembea pale tembea na mtu mzima wa kijiji, lipa muda wake vizuri, maana kwenye vibao hutayakuta hayo.

Ukiwa na siku ya pili, kuna miamba mingine ya michoro, kuna Pahi, na kuna Fenga, muulize mwongozaji njia ikoje wiki hiyo. Usijaribu kubana vyote kwenye siku moja, mwamba wa tatu wa siku macho yanakuwa yameshachoka, chagua mmoja. Kulala lala Kondoa mjini, nyumba za wageni zipo za kawaida na safi, na jioni kula ugali wa mtama na mlenda, usiagize chipsi umefika Kondoa.

Mwezi wa sita nampeleka mama yangu. Ana miaka sabini na moja na goti moja linamsumbua, nilimpigia yule kijana kumuuliza kama inawezekana kabisa au najidanganya. Akaniambia mama, inawezekana, tuanze kupanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijachachamaa, tupumzike mara tano sita, atashika mkono wangu pale penye mawe, wewe beba kigoda tu. Kigoda nimeshanunua.