Kabla hujachora takwimu za kikao, uliza kinachoamuliwa

Mdogo wangu uliyeanza kazi juzi kwenye kitengo cha takwimu au mradi wa utafiti, karibu sana. Muda si mrefu utaambiwa uandae michoro ya kikao cha wakubwa. Kabla hujagusa kompyuta, uliza kikao hicho kinaamua nini. Kugawa fedha kati ya mikoa ni swali moja, kujua kama mpango umeleta mabadiliko ni jingine, na data zilezile zitahitaji michoro tofauti.

Chukua vifo vya uzazi. Tafiti za afya na demografia za Tanzania zilikadiria vifo 578 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2004/05, 454 mwaka 2010, na 556 mwaka 2015/16. Ukizichora kama pau tatu, kila aliyepo atasoma kwamba tulishuka kisha tukapanda, na atatafutwa wa kuwajibishwa. Sasa fungua ripoti zenyewe. Ile 454 ina ukomo wa chini 353 na wa juu 556, yaani kiwango halisi huenda kiko popote kati ya hizo mbili. Ile 556 iko kati ya 446 na 666. Zinaingiliana mno, hivyo huwezi kusema kwa uhakika kwamba vifo viliongezeka. Sababu ni namna ya kupima: wanawake huulizwa kuhusu dada zao waliofariki, na hata katika utafiti mkubwa vifo vya aina hiyo vinavyotajwa ni vichache, tena ni vya miaka kadhaa iliyotangulia.

Kwa hiyo achana na pau. Weka nukta kwa kila utafiti, pitisha mstari kutoka ukomo wa chini hadi wa juu, na pembeni andika kwa maneno: "huenda ni popote kati ya 446 na 666." Kisha weka nukta ya 104 ya mwaka 2022. Itaangukia mbali chini ya mistari yote mitatu, na mtazamaji ataona mwenyewe mabadiliko yapi ni makubwa na yapi ni ya kupimia tu. Utaambiwa viongozi hawapendi mambo yasiyo na uhakika. Mimi siamini hivyo. Hawa ni watu wanaopitisha makisio ya bajeti kila mwaka. Wanachostahili ni kuonyeshwa makisio yetu yana upana gani.

Ramani nazo zinahitaji uangalifu. Utafiti wa 2022 ulionyesha udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 57 Iringa, na takriban 50 Njombe na Rukwa, mikoa inayolima chakula kwa wingi. Ramani hiyo inaibua swali zuri sana: kwa nini huko? Lakini kama kikao kinagawa virutubishi, wanahitaji idadi ya watoto. Iringa ilihesabiwa watu milioni 1.19 katika sensa ya 2022. Dar es Salaam ilikuwa na milioni 5.38, na kwenye ramani ya nchi huioni bila kuinamia karatasi. Asilimia ndogo kwenye mkoa wenye watu wengi bado ni watoto wengi. Weka pau za idadi kando ya ramani, kwenye ukurasa uleule.

Mengine ni ya haraka. Kichwa cha mchoro kiwe sentensi yenye matokeo, si "Kielelezo 4: Hali ya Udumavu". Majina yaandikwe juu ya mistari yenyewe, msomaji asihangaike na ufunguo wa rangi. Usitegemee nyekundu na kijani pekee, kwa sababu wapo wasiozitofautisha, na nakala nyingi hutolewa fotokopi nyeusi na nyeupe. Itoe nakala hiyo mwenyewe uitazame.

Halafu mpe mhasibu wa ofisini kwenu, asiyehusika na utafiti, na umwombe akueleze anachoona. Usimwongoze. Akisema jambo ambalo data hazisemi, rudi ukabadilishe mchoro.