Treni ya DMU haina kichwa: inavutwa na nini?

SWALI: Mhandisi, hujambo? Kila asubuhi napanda treni ya Embakasi kwenda mjini Nairobi. Za zamani zilikuwa na kichwa kinachovuta, lakini hizi za DMU sikioni. Zinavutwa na nini? Na mbona zikitoka stesheni zinashika kasi upesi hivyo?

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Hazivutwi, zinajiendesha zenyewe: DMU ni kifupi cha Kiingereza cha "diesel multiple unit", yaani mabehewa yaliyounganishwa yenye injini zake ya dizeli. Ule mtetemo unaousikia miguuni ni injini ya dizeli iliyofungwa chini ya sakafu. Treni moja huwa na injini kadhaa, na dereva akisukuma mkono mmoja tu wa mashine, amri hupita kwenye nyaya na kuzifikia zote kwa pamoja.

Siri ya kuondoka upesi iko kwenye uzito. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa urahisi, na linashika kwa sababu limegandamizwa na uzito ulio juu yake. Kichwa kinachovuta mabehewa kinategemea uzito wake peke yake: nyinyi abiria mkijaa huko nyuma mnaongeza mzigo, hamwongezi mshiko hata kidogo. Kwenye DMU, sehemu ya uzito wenu inakaa juu ya magurudumu yanayozungushwa na injini. Kwa njia yenye vituo vilivyokaribiana kama yenu, hiyo ni faida kubwa kuliko mwendo wa kasi.

Kugeuza nako ni rahisi. Dereva anahamia chumba cha upande wa pili, basi. Kichwa kingelazimika kufunguliwa, kizungushwe, kifungwe tena.

Seti hizi 11 zilizoanza kazi Nairobi mwaka 2020 zilitumika kwanza kisiwani Mallorca, Uhispania. Wapo wanaolalamika kwamba ni kuukuu. Mimi naona zilichaguliwa vizuri, kwani reli za kule zina upana wa mita 1 sawasawa na reli yetu ya zamani. SGR, reli yetu mpya, ina upana wa milimita 1,435, kwa hiyo hata DMU inayowapeleka abiria wa Madaraka Express, treni ya SGR, kule Syokimau hupita kwenye reli ya zamani.

Gharama yake iko karakana: injini nyingi ni filta nyingi, mafuta mengi ya kubadilisha, na fundi analala chini ya behewa kuzifikia. Lakini moja ikizimika njiani, zilizobaki huendelea. Mtachelewa, ila mtafika.