RNA ndefu katika saratani: je, "hazina kazi"?

Mwanafunzi wa uuguzi wa Bukavu anatuuliza: «Tunasoma kwa Kifaransa, lakini ninataka kuwaandikia watu wetu kwa Kiswahili kuhusu ARN longs non codants. Je, niandike "ARN mrefu zisizo na kazi, zinazosababisha kansa"?»

Ndugu msomaji, maneno "zisizo na kazi" ndiyo ya kuondolewa kwanza, kwa kuwa yanakanusha mengi kuliko sayansi inavyokanusha. Kinachokosekana katika RNA hizo (RNA, au ARN kwa Kifaransa, ni molekuli zinazonakiliwa kutoka DNA ya seli) ni maagizo ya kuunda protini tu. Baadhi yake zina kazi nyingine, na ni kwa ajili ya kazi hizo zinachunguzwa katika saratani. Napendekeza "RNA ndefu zisizobeba maagizo ya protini", kwa sababu kitenzi "kubeba" kikikanushwa namna hiyo, linalokataliwa ni tendo hilo moja tu. Neno RNA huingia katika ngeli ya I-ZI, basi sema RNA hii ndefu na RNA hizi ndefu, wala si "mrefu". Na urefu wenyewe una kipimo, yaani zaidi ya nyukliotidi 200 (nyukliotidi ni vipande vidogo vinavyoungana kuunda RNA). Ukipenda kuandika ARN kama mlivyozoea darasani, si kosa, mradi usichanganye.

Kitenzi "kusababisha" kinahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 2010, timu ya Howard Chang wa Chuo Kikuu cha Stanford ilionyesha kwamba HOTAIR, mojawapo ya RNA hizo, ikizidi katika saratani ya matiti, hatari ya ugonjwa kusambaa mwilini huwa kubwa zaidi: RNA hiyo hulielekeza kundi la protini liitwalo PRC2 kwenye jeni mbalimbali na kuzizima, zikiwemo zile zinazozuia kusambaa huko. Hapo "huchochea kusambaa" ni sahihi, lakini "husababisha kansa" ni kudai jambo ambalo utafiti huo haukulisema. Tena iko RNA nyingine, MEG3, ambayo huzuia seli kuongezeka ovyo na ambayo hupungua katika vimbe nyingi. Sentensi yako ingeishtaki bila haki. Kwa PCA3, RNA inayohusiana na saratani ya tezi dume, kitenzi kinachofaa ni "huashiria": kipimo chake cha mkojo kiliidhinishwa Marekani mwaka 2012, kimsaidie daktari kuamua kama mwanamume ambaye biopsia (kipande cha mwili kinachokatwa ili kichunguzwe) ya kwanza haikuonyesha saratani anahitaji nyingine.

Kuhusu jina la ugonjwa, andika "saratani", ila mara ya kwanza liambatanishe na "kansa", maana mama anayeuza sokoni Kadutu huenda analijua hilo la pili tu, naye ana haki ya kukuelewa tangu mstari wa kwanza.

Sentensi yako basi isomeke hivi: "Baadhi ya RNA ndefu zisizobeba maagizo ya protini huchochea saratani (kansa) kukua au kusambaa, na nyingine huizuia."