Usimpe buli mtu wa enzi ya Tang

Ndugu, umeuliza kama mfanyabiashara wa hadithi yako, China mwaka 750, anaweza kumimina chai kutoka kwenye buli. Nakushauri buli hilo uliondoe. Enzi ya Tang, ukoo wa kifalme uliotawala China wakati huo, majani ya chai yalipikwa kwa mvuke, yakapondwa na kushindiliwa yakawa keki ngumu. Mnywaji alibanika kipande motoni, akakisaga, kisha akautia unga kwenye chungu cha maji yanayochemka. Alitia na chumvi kidogo. Chumvi, si sukari. Halafu aliteka kwa upawa na kugawa kwenye mabakuli. Mpe bakuli la kauri la Yue, eneo la mashariki mwa China, la kijani. Lu Yu, bingwa wa chai wa karne hiyo, aliyapenda hayo kuliko mengine kwa jinsi yalivyoipendezesha rangi ya chai.

Mwaka 1391 Hongwu, mfalme wa China wa enzi ya Ming, aliagiza chai ya kodi iletwe ikiwa majani makavu, si keki. Kuloweka majani kukaenea, na kufikia karne ya 16 mafundi wa mji wa Yixing, China, walikuwa wakifinyanga mabuli madogo ya udongo. Ukilitaka buli, hamishia hadithi huko. Mimi ningebaki Tang: harufu ya keki ile ikibanikwa inatosha ukurasa mzima.