Binti amepata chuo cha wanawake Marekani, anataka kusoma fasihi: majibu bila kupamba

Shikamoo mama. Umeuliza kama chuo cha wanawake cha Marekani ni sawa na sekondari ya masista, na kama binti yako aliyemaliza HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) ataweza kusoma fasihi ya Kiingereza na uandishi bila kudisco, yaani kufukuzwa kwa kufeli.

La kwanza ni jepesi: si sawa. Hakuna matroni wala geti, na usiku hakuna anayehesabu vitanda. Vyuo kama Mount Holyoke (1837) na Smith (1875) vilifunguliwa kwa sababu vyuo vya wanaume vilikuwa vimewafungia wanawake mlango, si ili kuwaficha. Wavulana atawaona: wa Smith huruhusiwa kuchukua kozi Amherst, wa Wellesley huenda MIT, na Barnard na Columbia zinatenganishwa na barabara tu. Kwa hiyo kama ulitegemea ulinzi, jipange upya.

Fedha. Vyuo vingi vya aina hii, kwa mwombaji wa nje, huangalia uwezo wa familia wakati wa kuamua kumpokea, kisha akipokelewa hufidia pengo lote walilokokotoa. Mtego ni huu: kadhaa kati yao haviruhusu mgeni aombe msaada baadaye ikiwa hakuomba tangu mwanzo. Usijaze kwamba mtalipa wenyewe ili apokelewe, halafu mtegemee huruma mwaka wa pili. Weka pia dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na 185 za maombi ya viza, na hizo hulipwa kabla ya usaili. Kitu ambacho barua ya ufadhili haikisemi kwa sauti ni kodi: msaada unaolipia ada hautozwi, ila ule wa chumba na chakula huhesabiwa kama kipato, na kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, chuo huzuia 14%. Chumba na chakula vikiwa dola 18,000, hiyo ni dola 2,520 kwa mwaka. Akijaza fomu ya kodi ya wageni, 1040-NR, huenda akarudishiwa sehemu. Boom (fedha za kujikimu kama za bodi ya mikopo) hakuna, kazi ni za ndani ya chuo, mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kubeba boksi nje ya hapo ni kuchezea viza.

Sasa masomo yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa, na Kiingereza hakihusiki sana. Kinachowaangusha ni desa, yaani majibu ya kukariri na kunakili. Mtoto wetu amefundishwa kuchambua kitabu kwa vichwa: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, falsafa. Ataanza insha kwa “Fasihi ni sanaa itumiayo lugha” na mwalimu atakata mstari wote. Insha ya huko ni ya kurasa 5 hadi 7, nafasi mbili kati ya mistari, nayo hubeba hoja moja tu ambayo msomaji mwingine anaweza kuipinga. “Mwandishi ameonyesha nafasi ya mwanamke” si hoja, kwani nani atakataa? “Katika riwaya hii mama hukatizwa kila anapoanza kusema, hadi mume anapofariki” hiyo ni hoja, kwa sababu inabidi ithibitishwe.

Njia inayofanya kazi ni hii. Achague kipande cha mistari 10 hadi 15, akinakili kwa mkono. Apigie mstari vitenzi, maneno yanayojirudia, na mahali mtindo unapobadilika ghafla. Ajiulize kwa nini hapo na si kwingine. Hoja itoke kwenye majibu, si kabla yake. Akinukuu mistari miwili, aeleze kwa minne au mitano. Nukuu iliyoachwa bila maelezo ndiyo kosa la kwanza la wageni. Rasimu aipeleke kwa mwalimu saa za ofisi, muda uliotengwa wa kuonana na wanafunzi, wiki moja kabla, na hilo si kujipendekeza, ndivyo mfumo ulivyo. Kudesa, hata aya moja bila kutaja chanzo, hufikishwa kwenye bodi ya maadili.

Usomaji ni mzito: riwaya moja kwa wiki kwa kozi moja ni kawaida, na kozi ni nne kwa muhula. Asichukue tatu za fasihi kwa pamoja muhula wa kwanza. Za kale, kama Chaucer na Shakespeare, mara nyingi huwezi kuzikwepa kabisa. Azipange mwaka wa pili.

Uandishi hufundishwa kwa warsha. Unagawa hadithi ya kurasa 8 hadi 15 siku kadhaa kabla, wenzako 12 hivi wanaisoma na kukuandikia maoni, kisha darasani wanaijadili nusu saa nzima nawe umekaa kimya. Inauma. Makosa ya watu wetu yanafanana: kumalizia kwa fundisho, kama ngano ya bibi, na kufafanua kila neno ili Mmarekani aelewe. Kanga ikiitwa “kitambaa cha rangi cha Kiafrika” na msimulizi aliyezaliwa Tanga, hadithi imeshakufa. Msimulizi wa Tanga aseme kanga, na msomaji atafute. Warsha za juu huwa na mchujo: sampuli ya maandishi hupelekwa kabla ya usajili, na tarehe ikipita husubiri muhula mwingine au mwaka mzima.

Darasa ni la meza moja, na kuchangia kuna alama. Binti aliyelelewa kwamba adabu ni kunyamaza atazipoteza bure. Aandae swali moja la ukurasa maalumu kila kipindi, aliseme ndani ya dakika kumi za mwanzo; baada ya hapo wenye maneno hawaachi upenyo.

Na kazi baadaye? Shahada ya fasihi humpa miezi 12 ya OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi ya fani yake Marekani baada ya kuhitimu. Wa kompyuta au takwimu huongezewa 24, yeye hapana, labda achanganye na moja ya hizo na kazi iwe ya fani hiyo. Maombi hufunguliwa siku 90 kabla ya kumaliza na hufungwa siku 60 baada yake, na siku za kukaa bila kazi zisizidi 90. Kwa hiyo barua za kuomba kazi zianze Septemba ya mwaka wa nne, siyo Mei.