Kushusha makazi ya samaki kwa mtumbwi: yaachie maji yabebe mzigo

Wengi wanaotaka kutengeneza makazi ya samaki huanza na umbo: tofali liwe la duara au la pembe, liwe na matundu mangapi. Mimi huanza kwa kuuliza, utalifikishaje huko? Tofali la zege la kilo 40 ndani ya mtumbwi mwembamba, watu wawili wamesimama upande mmoja wanalisukuma, hapo ndipo mtumbwi unapopinduka na mtu anapovunjwa vidole.

Kazi yenyewe inastahili jasho. Pwani yetu ya Tanga ilipigwa baruti na wavuvi kwa miaka mingi, na mahali pengi mwamba umebaki vifusi vinavyogeuzwageuzwa na wimbi. Tumbawe changa halishiki juu ya kitu kisichotulia. Tofali lako halitaurudisha mwamba ule, lakini litampa tasi mdogo na changu mdogo mahali pa kujificha wasiliwe kabla hawajakua. Kwangu hiyo ni sababu ya kutosha.

Kabla ya kununua saruji, nenda ukaongee na BMU ya eneo lako, kile kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni, na afisa uvuvi. Ukiwa upande wa jiji kushuka kuelekea Pangani, kumbuka kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009, na visiwa vya Yambe na Karange vimo ndani yake. Huko huweki kitu chini ya bahari bila wahifadhi kukubali. Usione ni usumbufu. Wale wazee wa BMU ndio wanaojua nyavu zinavutwa wapi, na tofali lililowekwa katika njia ya nyavu litakuletea ugomvi usiokwisha.

Zege ni moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto. Chukua mchanga wa mtoni, na nondo usiweke kabisa: maji ya chumvi yakiifikia huota kutu, kutu huvimba, tofali hupasuka. Matundu mimi huyatoa kwa vipande vya mgomba. Visimike kwenye kalibu kabla ya kumwaga zege, vingine vinene kama paja, vingine vyembamba kama mkono, kisha vitoe zege likishakaza. Matundu mengi yatokee upande wa pili, ili samaki mdogo akifukuzwa awe na mlango wa nyuma. Machache yaishie ndani, hayo pweza atayapenda. Lifunike kwa magunia uliyolowesha na uyamwagilie kwa siku 7, kisha subiri hadi siku ya 28. Usiharakishe hapa.

Matairi yaache. Pwani ya Florida, Marekani, walizamisha matairi kama milioni mbili mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakitaka kujenga mwamba. Vifungo viliachia, matairi yakasukumwa na mawimbi hadi kwenye matumbawe hai yakayasaga, na hadi leo ni kazi ya kuyaopoa. Tairi ni jepesi mno majini, halitulii.

Sasa safari. Tofali la kilo 40 likiwa ndani ya maji ya bahari hubaki na uzito wa kama kilo 23. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri hunyanyua karibu kilo 20. Kwa hiyo madumu mawili yanalielesha tofali, na hakuna haja ya kulipandisha mtumbwini hata kidogo. Maji yakiwa yamekupwa, lilaze tofali kwenye mchanga, funga dumu kila upande karibu kabisa na tofali, kwa fundo linalofunguka ukivuta ncha moja. Kisha subirini. Maji yakijaa yatalinyanyua yenyewe, nanyi mtalikokota polepole kwa kafi.

Kamba ya kushushia ni nyingine. Ipitishe kwenye tundu la tofali na ncha zote mbili zirudi mtumbwini, kwa hiyo urefu wake uzidi mara mbili ya kina. Ipite omo, yaani mbele ya mtumbwi, si ubavuni, na uizungushe mara moja au mbili kwenye mti wa tengo, ule unaokingama juu ya mtumbwi, ili msuguano ubebe uzito badala ya mikono yako. Mwenzako akae tezi, yaani nyuma, na nanga iwe imeshika. Fungua fundo la dumu la kwanza: kamba itabeba kilo chache tu. Fungua la pili: sasa unabeba zile 23. Shusha kidogo kidogo mpaka kamba ilegee, achia ncha moja, vuta nyingine, kamba yote inarudi. Dumu usiliache lishuke na tofali, kwa maana kina hulibana likapoteza nguvu ya kuelea, na mzigo utaongezeka mkononi mwako ghafla. Kamba usiizungushe kiganjani wala usisimame ndani ya mkunjo wake. Hili nawaambia vijana kila safari, na nitaendelea kuwaambia.

Siku ya kwenda iwe ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mkondo wake utaukokota mtumbwi pamoja na nanga. Panga mfike mahali pale maji yakikaribia kusimama. Kipindi cha maleleji, kusi ikishaisha na kaskazi haijashika, ndicho kizuri kuliko vyote.

Mahali penyewe pawe mchanga mgumu au vifusi. Tumbawe hai na nyasi za bahari usizikalie. Paka grisi chini ya bildi, yaani risasi ya kamba ya kupimia kina, itupe, itazame ikirudi: ikileta tope, hama, maana tofali litazama lote. Piga hesabu ya kina kwa maji ya bamvua yaliyokupwa kabisa, mashua ipite juu bila kugusa. Matofali yakae karibu karibu, yaachane kwa nafasi za samaki kupita. Tofali moja moja lililotawanyika halisaidii sana.

Aliye na lambo au bwawa la maji baridi ana kazi nyepesi. Matawi ya mkorosho au mwembe yaliyofungwa kwenye jiwe hudumu miaka yakiwa chini ya maji muda wote, na perege wadogo huyapenda. Baharini wadudu wanaotoboa mbao watayamaliza mapema. Mikoko usiiguse. Na Bwawa la Mabayani ndilo linalonywesha jiji la Tanga, kwa hiyo pale usitumbukize kitu bila ruhusa.

Likishatua, msivue hapo kwanza. Samaki wa mwanzo kuwaona ni wale waliohamia kutoka jirani, bado hawajaongezeka. Ukishusha mshipi wiki hiyo hiyo unavuna walewale, ila umewakusanya pamoja. Kubalianeni na BMU muda wa kupaacha, na muutangaze sokoni. Alama za mahali, za nchi kavu na za ramani ya simu, wapeni wenye nyavu siku hiyo hiyo mnaporudi.