Mikono Ninayoichora Si Mabango

Mhariri, swali lenu la wiki kwa wasomaji lilikuwa hili: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, methali hii bado ina ukweli katika zama hizi za matangazo na kujijengea jina mitandaoni? Na wewe mwenyewe unajinadi vipi?" Nililisoma nikiwa barazani kwetu Langoni, Lamu, nikaona siwezi kulijibu kwa mistari mitatu. Mimi ni mchora hina. Nimeishika kazi hii mwaka wa kumi na moja sasa, na mambo ya kujitangaza yamenipa riziki, na pia yameniliza.

Nianze na methali. Bibi yangu, ambaye ndiye aliyenifunza kazi, alikuwa akiisema kwa Kiamu, "chema chaiuza", na aliiamini kabisa. Alichora kwa kijiti cha ukuti, hakuwa na simu wala kibao mlangoni, na msimu wa harusi alikosa nafasi ya kulala. Lakini nikimkumbuka vizuri naona kwamba kazi yake haikujiuza yenyewe hata siku moja. Mkono alioupamba ulikwenda sokoni, ukaenda matangani, ukaenda Shela kwa mashua, na kila ulipofika wanawake waliushika wakauliza, "Hii umechorwa na nani?" Aliyeulizwa ndiye aliyemnadi bibi. Methali imemsahau huyo mtu wa katikati, na mimi naona ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote.

Wapo wanaosema wazee wetu walikuwa watu wa staha na hawakujua kujinadi. Siafiki. Siwa, ile baragumu kubwa ya sherehe, ilipopulizwa, mji mzima ulijua leo kuna harusi ya watu wa namna gani. Mlango wa nakshi ulimweleza mpita njia habari za mwenye nyumba kabla hajapiga hodi. Watunzi wa tenzi wa Pate na Amu walitia majina yao katika beti za mwisho, na wengine wakatia na tarehe, ili atakayesoma baadaye amjue aliyesema. Tena chukueni leso yoyote ya Mombasa muitazame pindoni. Mtaona maandishi madogo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Duka hilo la Biashara Street lilianza mwaka 1887, na mama yangu mpaka leo akishika leso dukani hutafuta kwanza maneno yale, ndipo atazame maua. Angalieni yalivyowekwa. Katikati, kwa herufi kubwa, limeandikwa jina la leso, yale maneno ambayo mvaaji anayachagua amwambie mume, wifi au jirani. Jina la mwenye mali limekaa pembeni, dogo. Anayetakiwa kusikika ni mwanamke aliyejifunga leso.

Kutoka hapo nimechukua alama yangu. Kila mkono ninaouchora nauwekea nukta tatu ndogo karibu na kifundo, upande wa kidole kidogo. Asiyejua hazioni. Anayejua hana haja ya kuuliza.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Miaka michache iliyopita tulipata semina ya vijana wafanyabiashara hapa mjini. Mkufunzi alitueleza kwamba mwaka 1997 Mmarekani Tom Peters aliandika katika jarida la Fast Company kwamba kila mtu ni chapa, na inampasa ajitunze na kujitangaza kama kampuni zinavyofanya kwa bidhaa zao. Akatupa mfano wa Diamond Platnumz, ambaye mwaka 2017 alitoa manukato ya Chibu na karanga za pakiti zenye jina lake. Akatupa na mfano wa Eliud Kipchoge: tarehe 12 Oktoba 2019 alikimbia masafa ya marathoni kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na Safaricom ililitia jina lake katika nembo ya M-Pesa kwa siku kadhaa wakati wa mbio zile. Nilifurahia mifano ile. Karanga, pakiti ya kwanza mtu huinunua kwa jina la msanii, lakini ya pili huinunua ikiwa karanga zenyewe zimekaangwa vizuri. Na Kipchoge alikuwa bingwa wa Olimpiki miaka mitatu kabla ya Vienna. Waliolitia jina lake katika nembo walilikuta limejaa tayari.

Kilichonikaa vibaya ni neno alilomalizia: "Uza uso wako. Watu hununua kwa watu." Wenzangu waliandika. Mimi nilibaki nimeshika kalamu, kwa sababu kazi yangu haina uso wangu ndani yake. Kazi yangu yote imo juu ya miili ya wanawake wengine.

Yaliyonipata baadaye ni haya. Nilimchora bi harusi mmoja wa Mkomani, mikono mpaka juu ya viwiko na miguu mpaka magotini, kazi ya siku nzima. Mmoja wa wageni alipiga picha kwa simu. Sijui picha ilipita mikono mingapi, lakini miezi miwili baadaye nilitumiwa ujumbe: "Hongera, kazi yako iko kwenye tangazo." Nikafungua kwa furaha. Lilikuwa tangazo la nyumba moja ya wageni, lenye maneno ya kuwaita watalii waje kuonja siri za Uswahilini. Mikono ilikuwa yake yule binti, nukta zangu tatu zikionekana wazi, na nyuma ya mikono, si kwa ukamilifu lakini kwa kiasi cha kumtambua, ulikuwepo uso wake bila mtandio.

Mama yake alikuja kwetu siku ile ile baada ya alasiri. Hakupaza sauti. Alikaa, akakataa chai, akaniambia, "Mwanangu, mikono ile uliipamba kwa ajili ya mumewe. Leo mtu wa chai pale jetini ameiona kabla ya mashemeji." Nilimwapia kwamba si mimi niliyeitoa. Aliniamini, nafikiri, lakini zile nukta tatu zilikuwa zangu, na kwa watu walioona tangazo mimi ndiye niliyesaini.

Tulikwenda kwa mwenye nyumba ya wageni, mimi, mama wa yule binti, na somo wa binti, yaani kungwi wake. Bwana yule alishangaa kweli. Alituambia ni mikono tu, na kwamba anaitangaza Lamu, sote tunafaidika. Picha aliiondoa jioni ile. Waliokwisha kuihifadhi katika simu zao hakuna wa kuwaondolea.

Wakati ule sikujua kwamba sheria ilikuwa upande wetu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na tangu 2019 tunayo Sheria ya Kulinda Data, ambayo inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliutoza mgahawa mmoja wa starehe wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Nawaandikia viwango hivi makusudi, wenye hoteli na maduka wavisome. Familia ya yule binti haikushtaki, na nawaelewa: kesi ingeizungusha picha ile kwa macho mengi zaidi. Lakini binti mwingine huenda akataka kushtaki, na ajue pa kwenda.

Basi mnaniuliza najinadi vipi. Kwa miezi mitano baada ya jambo lile sikuweka chochote mtandaoni. Wateja wakapungua, wala sitasema hawakupungua. Niliporudi, nilirudi kwa masharti yangu. Nachora mkono wangu wa kushoto, ambao ni mali yangu. Nachora vipande vya ngozi ya mbuzi ninavyonunua kwa watengeneza ngoma, kwa sababu hina hushika ngozi vizuri sana, na vipande hivyo nimevitundika ukutani kama daftari: hili ua la mkorosho, hii nakshi ya mlango, hii ya mawimbi. Mteja huja akaonyesha kwa kidole. Mteja akitaka mwenyewe nimpige picha, nampiga kiganja peke yake, bila pete wala bangili inayojulikana, na hasaini wala haniruhusu siku ile ya harusi akiwa katika pirikapirika zake. Namwuliza tena baada ya wiki moja, akiwa ametulia. Wengi waliosema ndiyo siku ile husema hapana baada ya wiki.

Na ubunifu haukupungua, Mhariri. Nafikiri uliongezeka. Picha zangu zilizoniletea watu wengi kuliko zote ni tatu za mkono wangu ule ule: wa kwanza nilipoibandua hina, rangi ya chungwa inayomkatisha tamaa asiyeijua, wa pili kesho yake, wa tatu siku iliyofuata, rangi imeiva kama mbegu ya tende. Chini niliandika saa tu. Wanawake wa Malindi na Mombasa walinipigia simu kuuliza nini natia. Natia unga wa majani ya mhina, ndimu, chai ya rangi iliyokolea na matone ya mafuta ya mkaratusi, kisha naulaza usiku kucha. Sifichi.

Hapa kuna jambo lazima niliseme japo litawaudhi wenzangu wa kazi. Nilichora piko, ile iitwayo hina nyeusi, kwa miaka minne. Wasichana wanaipenda kwa sababu ni nyeusi na inakauka upesi. Nilimchora mteja mmoja, baada ya siku mbili maua yote yakawa malengelenge. Alama ilimbakia miezi. Ile nyeusi ya upesi ni dawa ya kutia nywele rangi, ndani yake mna kemikali iitwayo PPD, na Umoja wa Ulaya umeiruhusu kwa nywele tu, si kwa ngozi. Hina ya mti haiwi nyeusi kama wino, na haikauki ikashika kwa robo saa. Kwa hiyo kila kibao cha ufukweni kinachosema "hina nyeusi ya asili" kinasema uongo, na wanaochorwa pale wengi ni watoto wa wageni. Nilipoacha piko niliandika kwenye statasi yangu kwamba nimeacha na kwa nini, nikaeleza na habari ya yule mteja bila kumtaja. Msimu ule nilipoteza maharusi sita. Mkufunzi wetu angesema nimejiharibia chapa. Lakini wanaonijia sasa, swali la kwanza la mama zao ni, "Wewe ndiye usiyetia dawa?" Jina hilo sikujipa mimi.

Mkitaka tangazo la kibunifu lililotoka hapa kwetu bila kumkopa mtu uso wake, nitawapa moja. Mwaka 2018 lilishushwa majini Lamu jahazi dogo la mita tisa liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa tani kumi hivi za plastiki iliyookotwa, na kuvikwa kandambili kama elfu thelathini za rangi zote. Fundi wake mkuu ni Ali Skanda, mtu wa Lamu. Mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja, kama kilomita 500, likitia nanga njiani, na kila lilipotia nanga watoto walikimbilia ufuoni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba bahari imejaa takataka. Takataka zenyewe zilikuwa zimetweka tanga. Nililiona kwa macho yangu nikaanza kuwaza vipande vyangu vya ngozi. Na kama ilivyo kwa hina ya bibi, kazi ndiyo iliyotangulia jina la fundi. Watu walilitazama jahazi wakauliza nani kaliunda.

Kwa hiyo methali naikubali nusu. Kizuri kinahitaji kuonwa, na mwenye nacho asione haya kukitoa nje, kwani siku hizi soko halipiti tena barazani kwetu. Liko ndani ya simu. Ninachokataa ni kutolewa nje kwa vitu vya wengine pamoja nacho.

Yule binti wa Mkomani ana mdogo wake, naye anaolewa baada ya Idi. Mama yao alinijia juzi mwenyewe kuniwekesha siku, na mara hii chai alikunywa. Nilimwomba, kama binti ataridhia, picha ya kiganja kimoja kwa ajili ya ukuta wangu. Akasema atamwuliza mwenye kiganja. Jibu halijaja, na nimeshamwambia kwamba hata likiwa hapana, bei ni ile ile.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu